Tone Chini ya Mstari wa Kijani

Shangazi yangu hana dogo. Akikaribishwa chai, kabla hajakaa ananyoosha kwanza kitambaa cha meza ya mwenyeji. Kwenye uwanja wetu mdogo wa ndege wanamwita Mama Rula, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini. Kazi yake ni kuandika herufi za usajili kwenye ndege ndogo, zile zinazoitambulisha ndege kama namba inavyolitambulisha gari. Mimi hushona viti vya ndege hizohizo katika banda hilohilo, na namjua kuliko ninavyopenda. Ameshanifumulisha mshono mzima kwa ajili ya kasoro wanayoiona yeye na Mungu peke yao.

Katika ndege zote pale bandani, moyo wake uko kwa moja: kikongwe chenye viti viwili, mali ya daktari wa meno aliyestaafu. Ina rangi ya maziwa na mstari mmoja wa kijani kutoka puani hadi mkiani. Ililetwa ndani ya makasha ikiwa bati tupu, ikaunganishwa papa hapa, na aliyeipaka rangi kwa brashi ni marehemu mume wa shangazi, wakati huo hata hawajachumbiana. Watu walimwita Taratibu. Alikuwa akiulizwa jambo asubuhi, jibu linakuja baada ya chakula cha mchana, lakini linakuja limeiva.

Halafu ikatoka sheria. Kila ndege ndogo ibebe herufi kubwa ubavuni, kimo chake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, ili zisomeke kwa mbali. Zilizosamehewa ni ndege za zamani ambazo bado zina rangi yake ya kwanza. Hizo zingebaki na herufi zake ndogo za mkiani. Mwamuzi ni mkaguzi. Akikataa, herufi kubwa zinapita juu ya mstari wa kijani, na uwanja mzima una mwandishi mmoja tu wa herufi. Yaani shangazi aufunike mkono wa mumewe kwa mkono wake mwenyewe. "Bora nikatwe vidole," alisema siku ile tukiwa mezani, akasukuma sahani pembeni.

Sasa mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angeiacha ndege na vumbi lake, mkaguzi aje aukute uzee umejaa tele. Shangazi aliipaka nta. Nta hiyo huitengeneza mwenyewe, anatia rangi kidogo, kopo moja la rangi ya maziwa na jingine la kijani, na tangu awe mjane amekuwa akiisugulia ndege ile kila mwezi, ikajaza kila ufa na kufunika kila kovu. Safari hii aliisugua mpaka ungeweza kujifungia kilemba kwa kujitazama kwenye mlango. Nilimwambia aache. Akanijibu kwamba mgeni haonyeshwi kitanda ambacho hakijatandikwa.

Mkaguzi alikuja asubuhi, mtu mpole, suruali imepigwa pasi ya kukata nyama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

Akaizunguka ndege polepole. "Aisee, rangi inang'aa."

"Asante," shangazi akasema, uso umechanua.

"Haina hata ufa."

"Ufa? Kwangu mimi?"

Daktari wa meno akamkanyaga mguu. Shangazi akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote atazame anapokanyaga.

"Ukiniambia imepakwa wiki iliyopita, nitaamini," mkaguzi akasema.

"Nashukuru, mwanangu. Nashukuru mno."

"Basi hapo ndipo penye tatizo, mama. Hii ni rangi mpya. Itabidi ziwekwe herufi kubwa."

Nilitamani nicheke na nilitamani nilie. Shangazi alisimama na kitambaa chake mkononi, mdomo wazi. Kisha akasema ile ni nta tu, rangi ya zamani iko chini yake.

"Inawezekana," mkaguzi akasema, bila ukali. "Nionyeshe. Nyufa, mikwaruzo, chochote."

Mnaona alichoombwa? Mwanamke aliyeishi maisha yake yote akificha madoa, aambiwe ayatoe hadharani, tena mbele ya mgeni. Hakusogea.

"Shangazi," nikamnong'oneza, "mficha uchi hazai."

"Wewe nyamaza," akasema. Lakini akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa.

Alifuta akianzia mkiani. Nta ikatoka, na ubavu ukaonekana umechanika nyufa nyembamba, kama kisigino cha mtu asiyejua mafuta. Mahali daktari alipogonga na ngazi pakajitokeza. Kila alipofunua, aliomba radhi. "Hapa samahani. Hapa usitazame sana."

"Mama, natazama hapohapo."

Rangi ya maziwa aliikubali. Akainama kwenye mstari. "Na huu wa kijani? Unaweza kuwa uliongezwa baadaye."

Kitambaa cha shangazi kilikuwa kimefika karibu na mlango, kikasimama. Nilijua kwa nini. Chini ya mlango, tone la kijani lilikuwa limetoroka kwenye mstari na kuteremka, refu kama kidole. Ugomvi wa ndoa yao nzima ulikuwa tone hilo. Taratibu alisema liliteremka kwa sababu binti mmoja mfagiaji alimwita, akageuka. Shangazi, ambaye ndiye huyo mfagiaji, aliapa kwamba hakumwita mtu. Mwanamume aligeuka mwenyewe kwa tamaa zake. Kila akitaka kulisugua liondoke, mumewe alimzuia. Alipofariki, tone likawa la kwanza kufunikwa nta.

Akalifuta.

Mkaguzi akapiga goti, na ile pasi ikaisha. Akapitisha ukucha. "Rangi ya maziwa, mstari na tone vimepasuka pamoja," akasema. "Nyufa zinatoka huku zinashuka huku. Hii ni ya kwanza, mama. Herufi zibaki ndogo." Akainuka akijipangusa goti. "Ila fundi mzuri hivi, ilikuwaje akatiririsha?"

"Nilimwita," shangazi akasema.

Niliacha kila kitu. "Shangazi! Si miaka yote umekuwa ukikana?"

"Nilimwita."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Sikuwa nataka kitu." Alikuwa akilitazama tone, si mimi. "Nilitaka ageuke."

Daktari wa meno akapenga kamasi, akasingizia mafuta ya taa.

Mkaguzi alipoondoka, shangazi akafungua makopo yake, maana ndege haiwezi kulala na visigino vile. Akasugua kutoka puani hadi mkiani, akinifokea nishike taa vizuri. Daktari akamfuata nyuma akikagua, akainama chini ya mlango.

"Mama Rula, hapa umeparuka."

"Paache," shangazi akasema. "Amekaa sana gizani."