Watoto wa Kwetu Hawahesabiwi

Baba yangu hakuhesabu watoto wake hata siku moja. Kwetu Buha, mtoto ukimhesabu kwa sauti unamwitia mabaya. Karani wa sensa alipofika kwake mwaka 2012 na kuuliza wangapi wamelala humu ndani, Mzee alimjibu kwa heshima zote, "Wapo." Karani akasubiri. Mzee akamkaribisha uji. Ikabidi mimi nimvute yule kijana pembeni nimtajie mmoja mmoja, huku nacheka. Kisa hicho nilikisimulia kwenye meza yangu ya vitenge sokoni Kibondo mpaka wateja wakanichoka.

Mwaka uliofuata nani angecheka? Ilikuja operesheni ya kuwaondoa wasio raia, na kijiji chetu kipo upande wa Nyabibuye, Burundi unaiona kwa macho. Jirani yetu mmoja alichukuliwa akiwa analima, jembe lake likabaki shambani. Mtendaji wa kijiji akamwambia baba alete uthibitisho kuwa alizaliwa hapa, la sivyo atavushwa mpaka. Mzee wa miaka sabini na ushee, avushwe aende kwa nani?

Nilijipa moyo kwa sababu babu alikuwa askari wa Mwingereza, alipigana Burma. Cheti chake cha jeshi kilikuwa Kasulu kwa shangazi, mdogo wake baba, aliyezaliwa baada ya vita na kuolewa na mwenye duka. Shangazi alikitoa kwenye kopo la maziwa, kimefungwa kwa leso. Nikakisoma nimesimama. Jina la babu, sawa. Kijiji chetu, sawa. Chini yake: mke mmoja, watoto hakuna.

Nilikaa chini. Nikamuuliza shangazi kama babu alipokwenda vitani baba alikuwa hajazaliwa.

"Mama alituambia alikuwa anakimbia uani," akasema. "Lakini mwanangu, utamtajiaje Mzungu mtoto wako, halafu uende kwenye risasi?"

Nikarudi Kibondo, kwenye masjala ya wilaya. Njoo kesho, njoo Jumatatu, mwisho wakanitolea daftari la kodi ya nyumba la enzi zile. Babu yumo, bibi yumo, mtoto hayumo. Jamani, nilimkasirikia babu, marehemu wa watu, nikamsema peke yangu njiani kama mwendawazimu. Kila nilipochimba, serikali ilikuwa inaniambia baba yangu hakuwepo. Likinguruma gari barabarani, najua ndilo linalokwenda kumchukua.

Siku ya mahojiano tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi. Baba alivaa koti lake la kanisani. Niliweka karatasi zote mezani, maana sikuwa na nyingine. Ofisa aliyetoka mkoani akazisoma taratibu, kisha akanitazama.

"Huyu askari hakuwa na mtoto," akasema. "Sasa mzee huyu katoka wapi?"

Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana soko zima, nikazipanga upya karatasi zile zile. Baba akaibana mikono yake katikati ya mapaja.

Ndipo aliposimama jirani yetu, bibi mmoja wa rika la baba, aliyekuja kusikiliza tu. Hakuomba ruhusa. Akaeleza kwamba makarani wa kodi waliokuja kuhesabu watu walipoonekana njiani, mama zao waliwatia wote wawili ndani ya kihenge cha mtama, yeye na baba, wakaambiwa wasikohoe. Baba alikojoa kwa woga, akamlowesha mwenzake mguu mzima. Darasa likacheka. Hata ofisa alicheka, na Mzee akainamisha uso kwa haya. Mtendaji akaunga mkono kwamba kihenge hicho hata yeye alikikuta. Ofisa akaandika, akagonga muhuri, akamwambia baba arudi nyumbani. Nilipumua, machozi yananitoka bila mpango.

Ofisa hakufunga daftari. Alifungua ukurasa mpya.

"Na wewe bibi, kama mlifichwa wote, karatasi yako iko wapi?"

Yule bibi alinigeukia mimi, bado ameshikilia dawati.

"Mwanangu," akasema, "baba yangu mimi hakwenda vitani. Utaanzia wapi kunitafutia karatasi?"