Mtu wa Kiasi

Asubuhi, ndani ya basi la kwenda Tonawanda, huwa ninasinzia macho yakiwa wazi. Theluji ya Buffalo hufuta barabara pande zote mbili, na pale palipofutika hunijia mitaa ya kusini mwa Louisville tulikokaa nilipokuwa msichana: nyumba za matofali zenye vibaraza, mbwa wanaobweka nyuma ya milango, na mama yangu akitembea mbele yangu kana kwamba mtaa mzima aliupokea kwa babu yake. Ndoto hii haina sauti. Milango inafunguka, midomo ya watu inakwenda, mama anacheka, nami ninachosikia ni injini ya basi tu.

Vuli ile mama alikuwa akibisha hodi kwa ajili ya mwanasiasa. Ukisikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa siasa. Hakuwa. Alifungasha maboksi kwenye ghala huko Okolona, Jumapili aliwaongoza akina mama wa kanisa letu la Beechmont, na uraia aliupata juzijuzi tu, baada ya kukariri maswali yao mpaka akawa anayajibu usingizini. Tulitoka milima ya Kivu Kusini tukikimbia. Njiani mama alijifungua kabla ya wakati, na yule mtoto tulimzika kando ya njia, amefungwa kitenge cha mama mwenyewe. Hakupata jina. Mtu akimwambia kwamba ile ilikuwa mimba tu iliyoharibika, mama alianza kukusanya vikombe vya chai, na watu wakaaga na kwenda zao. Kwa hiyo mgombea mmoja wa bunge la jimbo aliposema hadharani kwamba atasimamia sheria ya kuwalinda watoto walio tumboni, hata akibaki peke yake, mama alisikia kama ametajiwa mtu wake.

Aliyemwingiza katika kazi hiyo ni jirani yetu, bibi wa Kimarekani, mjane, aliyekitumikia chama chake tangu ujana bila cheo wala ujira. Alioka keki za mikutano, alibandika stempu, alisimika vibao kwenye nyasi za watu na kuvisimika tena upepo ukiviangusha. Alikuwa na gari kuukuu lililonuka vanila. Alimfundisha mama namna ya kubisha, kurudi nyuma hatua, na kutabasamu kabla mlango haujafunguliwa. Mimi nilichukuliwa kuwa mkalimani, nikanuna, nikimjibu mama kwa Kiingereza kila aliponisemesha kwa Kiswahili chetu. Lakini kwa Wakongo na Warundi wenzetu mama hakunihitaji. Hapo alisimama mwenyewe mlangoni na kumdhamini yule mgombea, "Mimi njo minamusimamia uyu mutu. Hatageuka."

Wengi wa akina mama wa kanisa walijiandikisha kupiga kura kwa sababu ya sentensi hiyo. Hawakumjua yule bwana hata kidogo, walimjua mama. Akashinda, na jirani akatuletea keki yenye rangi za bendera. Wadogo zangu waliimaliza ikiwa bado ya moto.

Majira ya baridi muswada ukafika bungeni, na mheshimiwa wetu akapiga kura urudishwe kwenye kamati, ukatazamwe upya, maana nchi, alisema, haiendeshwi kwa kusukumana. Jirani alikuja na gazeti, akakaa jikoni kwetu bila kuvua koti. Kuhusu wapinzani hakuwa na neno, alisema, kwani wao hawakumwahidi kitu. Waliomchosha ni wa kwake mwenyewe. Kila mgombea aliyemwokea keki alifika makao makuu ya jimbo akalainika, akarudi nyumbani anauma na kupuliza, na uchaguzi ukikaribia anakuwa mkali tena kama pilipili. Nilitafsiri yote hayo, na pilipili niliiongeza mimi. Mama alisikiliza mikono ikiwa ndani ya maji ya vyombo. Aliuliza jambo moja tu, kama yule bwana alikuwa mgonjwa siku ile.

Nadhani alitaka sana iwe kweli alikuwa mgonjwa. Jumapili iliyofuata, wakati wa kupanga viti, mwanakwaya mmoja alimwuliza mbele ya wenzake yule mtu wake alikuwa amesimama wapi. Halikuwa swali la ubaya, lakini mama aliendelea kupanga viti. Ahadi ni deni, nasi sote tulijua ni nani aliyeahidi mlangoni. Tangu hapo akawa anawahi kutoka kanisani, yeye aliyekuwa wa mwisho kila mara, na nyumbani akawa anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Iliniuma kumwona hivyo, na kwa kuwa nilikuwa na umri wa kujifanya sijali, nilijifanya sijali.

Kiangazi jirani alitupeleka Columbus kwa gari lake. Kulikuwa na mkutano wa watu wa chini wa chama, wale wa vibao na keki, kutoka majimbo kadhaa. Ninaikumbuka safari ile kama kitu kilichotokea chini ya maji: mahindi yasiyokwisha, mama amelaza kichwa kwenye kioo, jirani akiimba tenzi kwa sauti ndogo. Ukumbini watu walisimama mmoja mmoja kwenye kipaza sauti, fundi bomba, mwalimu mstaafu, mkulima, na karibu kila mmoja alilalamika kwa neno lilelile. Moderate. Walilitamka kama mtu anayetoa unywele mdomoni. Mama akanigusa, "Modereti ni nini?" Nilifikiri nikamwambia ni mtu asiyekuwa huku wala kule. Akatikisa kichwa polepole, na jioni nzima akawa analisema peke yake, modereti, modereti, kama anayejifunza jina la ugonjwa.

Tulilala kwa mama mdogo, ambaye alikuwa amehamia Columbus kabla yetu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Siasa ilitufukuza Kongo, alisema, na sasa dada yake anaikimbilia mpaka Ohio kwa mafuta ya gari la mwenzake. Mama naye akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Tuliporudi, mheshimiwa aliomba kuja kanisani kwetu kusalimia. Pasta alifurahi, ugeni ni ugeni. Kijana wa Kikenya aliyekuwa akisoma mambo ya uhasibu, Kiswahili chake kimepigwa pasi pamoja na shati, aliombwa atafsiri. Jirani yetu alikuja pia, akakaa benchi la nyuma kabisa, mkoba magotini.

Nitakuwa mwongo nikisema yule bwana alikuwa mbaya. Alikuwa na uso wa daktari wa meno mpole. Alisema "Jambo" tukaitika, akawasifu watoto, akasifu kwaya. Kisha akasema kwamba ndani ya chama chake wako watu wenye hasira wanaomwita moderate. Yeye haoni aibu. Ni moderate, na atabaki hivyo.

Mkalimani akavuta pumzi. "Watu wengine wananikasirikia," akatafsiri, "kwa sababu mimi ni mtu wa kiasi. Sioni haya. Mimi ni mtu wa kiasi, na nitabaki hivyo."

Kanisa likalipuka kwa amina. Nani atamchukia mtu kwa sababu ya kiasi? Tumefundishwa tangu utoto kuomba kiasi, na kukipanga pamoja na upole na uvumilivu. Vigelegele vikapigwa, na mzee mmoja wa kanisa akainuka akamshika mkono. Mheshimiwa aliweka kiganja kifuani, amepigwa na butwaa, maana nadhani hakuwahi kushangiliwa kwa neno lile popote. Nyuma, jirani yetu, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alikuwa amepauka. Aliona rafiki zake wote wakimshangilia mtu aliyewageuka, na hakuelewa kwa nini.

Mama akasimama. Vigelegele havikwisha mara moja, vilipungua taratibu, na yeye akangoja.

"Pasta, munisamehe," alisema. "Ile neno haiko kiasi. Kiasi ni tunda ya Roho. Modereti, basi, ni vuguvugu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Neno hilo tulihubiriwa kila mwaka, maji yasiyo moto wala baridi, na mwisho wake wa kutapikwa kila mtu aliujua. Kimya kilichoingia nakisikia mpaka leo, na ndicho kitu pekee chenye sauti katika kumbukumbu zangu za mji ule. Mheshimiwa aliuliza mama amesema nini. Kijana wa Kikenya alinitazama mimi, akatazama dari, kisha akamwambia.

Yule bwana alijitetea, na kwa heshima. Alieleza kwamba mambo makubwa huja kidogo kidogo, ukichukua kipande leo utapata kingine kesho. Mkalimani, akishukuru kupata kitu cha kushika, alisema, "Haba na haba hujaza kibaba."

"Mutoto wangu hakukufa haba na haba," mama akasema.

Kijana hakutafsiri. Nilisimama nikatafsiri mimi, na sikuona haya. Mheshimiwa aliinamisha kichwa, akasema ataliombea jambo hilo, akaondoka kabla ya chai.

Baada ya hapo mama alirudi kwenye milango ileile. Alibisha, akarudi nyuma hatua, hakutabasamu. Aliwaambia, mlango kwa mlango, kwamba neno alilowaletea amekuja kulichukua. Wengine walimkaribisha ndani na kumpa chai, wengine hawakukumbuka neno lenyewe, jambo lililomuumiza zaidi. Na jirani na wenzake walikuwa wakitafuta mtu wa kupambana na mheshimiwa ndani ya chama. Mmoja alikuwa na biashara, mwingine mkewe alikataa, wa tatu alisema aombewe. Kule mkutanoni Columbus kila mtu alikuwa simba.

Mwezi wa tano nilimsindikiza mama kupiga kura ya mchujo, ya kuteua mgombea wa chama, katika ukumbi wa michezo wa shule, wenye harufu ya mpira na sakafu iliyopigwa nta. Mama alivaa vazi lake la kanisani. Alichukua karatasi, akaipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, akaigeuza, akaipitia tena. Kisha akaniita. Jina la yule bwana halikuwamo.

Nilimwuliza bibi mzee aliyekaa mezani. Alitueleza bila haraka, kama mtu aliyekwisha kueleza sana: mgombea ambaye hakuna mtu wa chama chake aliyejitokeza kupambana naye hachapishwi kwenye karatasi ya mchujo. Hapigiwi kura. Anapita. Nikamweleza mama. Alikuwa amejiandaa muda wote huo kulipita jina lile bila kulitia alama, na nikaona uso wake ukizeeka pale pale, katikati ya mistari ya uwanja wa mpira wa kikapu.

Foleni ikawa inatupita. Nilitaka kumshika mkono nimrudishe nyumbani. Lakini mama aliirudisha karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Muulize," alisema, "mutu akitaka kusimama, anajiandikisha wapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nikauliza. Yule bibi alivua miwani, akamtazama mama, akasema kwa upole kwamba ofisi iko makao makuu ya jimbo, ila kwa bahati mbaya siku za kujiandikisha zilipita tangu majira ya baridi. Niligeuka nimtafsirie mama, lakini alikuwa ameshaelewa.

"Muambie," akasema, "sikuuliza ya uyu mwaka."