Kuku Yako Iko Wapi? Safari ya Buffalo na Sanduku Tupu

Niliondoka Louisville kwa sababu ya binti yangu Furaha, yule ninyi wa kwetu Baraka, Kongo, mnamkumbuka kwa kulia sana alipokuwa mchanga. Siku hizi anakaa Buffalo, na bado analia. Alinipigia simu Jumapili tukiwa ndio kwanza tumetoka kanisani.

"Mama, njoo unichukue. Bahati anavuta bangi."

Bahati ni mume wake, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Anabeba maboksi kwenye depo moja kule Cheektowaga. Mpole hata ukimsalimia unaona haya. Furaha akasema amemkuta ndani ya gereji, mara ya kwanza akasamehe, mara ya pili akanipigia mimi. Kilichomtisha si moshi, ni karatasi. "Hatujapata uraia, Mama. Batu ya karatasi kama sisi, moshi moja tu inaweza kukurudisha kwenye ulitoka." Alitaka kuja kwangu na watoto, moja kwa moja.

Basi nikachukua sanduku kubwa la magurudumu la mwanangu Wilondja, nikalifunga tupu, kwa ajili ya nguo za Furaha na wajukuu. Nguo zangu niliziweka kwenye mfuko wa mkononi.

Kabla ya kutoka, Pastor Elia alifika nyumbani kwetu Highview kuiombea safari. Aliomba kwa nguvu, hasa dhidi ya lile jani. Wakati huo Amerika yote ilikuwa inabishana kama watu wazima waruhusiwe kulivuta kwa starehe, na namna gani, na nani auze. Sheria ya Pastor ilikuwa fupi: anayevuta afungwe, anayeuza afungwe, anayepanda afungwe. Sasa, Pastor Elia anafanya kazi kwenye kiwanda cha wiski, maana huu mji wetu unapika wiski kama sisi tulivyokuwa tunapika ugali. Nikamuuliza na hiyo je.

"Ile ni kazi, Mama Wilondja," akasema. "Mimi ninafunga maboksi. Sifungui chupa."

Halafu akakohoa. Kikohozi chake kina miaka, na dawa yake ina rangi ya chai, na anainywa kwenye kikombe chenye kifuniko.

Asubuhi ya Jumatatu, stesheni ya basi. Wilondja alinipandisha, dereva akainua sanduku kwa nguvu zote akidhani lina mawe, kidogo limrushe nyuma. Akanitazama kama mchawi. Pembeni yangu akaketi Mkenya, Wanjiru, anayetunza wazee kwenye nyumba ya wazee huko Columbus. Naye alikuwa ameliona.

"Shosho, hiyo suitcase umebeba nini? Iko light sana."

"Nimebeba nafasi," nikamwambia.

Tulipopita Cincinnati alikuwa ameshanipa mawazo yake yote. Wazee wake wanakunywa vidonge asubuhi kama maharagwe, jioni kama maharagwe tena, na bado hawalali. Kwa hiyo yeye angeweka bangi kwa duka la dawa, daktari aandike, basi. Nikamuuliza mtu asiyeweza kumlipa daktari wa kumwandikia afanye nini. Akacheka mpaka akavua miwani. "Hapo sasa, shosho, umeuliza swali ya Amerika."

Columbus. Mdogo wangu Zakaria alinipokea na mkewe, Mama Neema, na mwana wao Désiré. Nilifika wakati mbaya, au mzuri, sijui. Jimbo lao la Ohio lilikuwa linajiandaa kupigia kura hilo hilo jani, na Zakaria alikuwa amepata uraia mwaka ule, peke yake katika nyumba ile. Kwa hiyo mezani kulikuwa na kura moja na kila mtu ameishika mkono.

Désiré ndiye aliyesema sana. Yeye pia anafanya kazi depo. "Tante, iuzwe kama bia. Mutu aonyeshe kitambulisho kama ni mukubwa, alipe taksi ya serikali, donc ile kodi inatengeneza barabara."

Nikamuuliza kama sheria ikipita, depo yake itaacha kumpima mkojo.

"Bon, hapana. Sheria ya depo ni ya depo."

"Kwa hiyo utapata ruhusa ya kuvuta, na ruhusa ya kufukuzwa."

Akanijibu Kiingereza, ndivyo vijana wetu wanavyofanya wakishindwa.

Mama Neema hakukataa maduka, ila yasiwe karibu na shule, wala kanisa, wala kwenye majengo wanayokaa watu wetu. Yafunguliwe upande wa matajiri, kule mbwa wanalala kwenye vitanda. Nikamuuliza duka hilo litapigwa deki na nani. Akafikiri, akasema, "Na sisi, Yaya," ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Tukacheka wote, maana ni kweli.

Zakaria aliisoma ile karatasi ya kura polepole, kwa kidole, kama anavyosoma Zaburi. Akatuambia mashamba makubwa ya hilo jani yameshapata wenyewe: ni matajiri wachache, wale wale walioileta sheria. Pale barazani kwao alikuwa anapita mama jirani, Mmarekani mweusi, Miss Loretta. Zakaria akamwinulia mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kijana wa huyo mama, Terrence, yuko gerezani kwa majani ya kujaza kiganja. "Terrence akiuza, ni mwizi ya roho ya batoto. Bale bakiuza, banaitwa wawekezaji." Désiré akasema ndiyo maendeleo. Baba yake akamwambia hiyo maendeleo ampelekee Miss Loretta mlangoni.

Ndipo wakaniuliza mimi. Nikawakumbusha Mzee Asukulu wa Mmunga, kule kwetu. Ninyi wa Baraka mnamjua, lakini Désiré alizaliwa baadaye. Bangi kwetu ilisimama uani mwa mzee mmoja tu, nyuma ya banda la kuku. Kuku akilegea shingo, unamnyunyizia majani yake kwenye maji. Lakini hukupewa hata jani moja mpaka Asukulu akuulize: "Kuku yako iko wapi?" Umlete, amwone. Mama Eca alikuja na jogoo wake kwapani. Sefu wa Mtambala alikuja na kuku mzima aliyemfunga shingo kwa kitambaa, akafukuzwa na kuku wake. Halafu akaja Alimasi mvuvi, mikono mitupu, akasema kuku wake amedhoofika mno, hawezi kubebwa. Asukulu akasema basi nitakuja mimi. Akaenda. Hakukuta banda wala nyoya. Alimasi alikuwa amezika mtoto mwezi ule. Asukulu akamtazama, akaelewa kuku ni nani, akampa jani moja, na kesho yake akarudi kumwona tena.

Désiré akaniuliza kama huyo Asukulu alikuwa mtakatifu. Nikamwambia hapana, yeye mwenyewe aliyachuma kuliko wote, na kuku wake walikuwa wazima kabisa. Lakini swali lake lilikuwa zuri.

Zakaria akarudi kwenye karatasi yake.

Siku iliyofuata, basi la Cleveland, halafu Erie, halafu Buffalo. Kuanzia Cleveland ziwa liko kushoto, la rangi ya sufuria, na upepo unasukuma basi kama mlevi. Furaha alikuja kunichukua. Alipoliona sanduku akaanza kulia kabla ya kunisalimia, na wajukuu wakaliingia ndani na kufunga zipu.

Black Rock, mtaa wanaokaa, ni upande wa mto, nyumba za mbao kuukuu, viwanda vilivyokufa. Watu wetu wamezinunua nyumba hizo kwa sababu hakuna aliyezitaka. Nyumba ya Furaha na Bahati ina gereji iliyoshikana na jikoni. Mlango wa katikati una kioo kidogo.

Hapo ndipo ugumu ulianza. Mnajua kwetu, mama mkwe na mkwe hawatazamani. Huwezi kumpa mkono, huwezi kula naye, huwezi kumwona amevua hata kofia. Sasa nimesafiri majimbo kumhukumu mtu nisiyeweza kumtazama. Tukafanya hivi: mimi nikaketi jikoni nikiupa mlango mgongo, Bahati akaketi koridoni nyuma ya ukuta, Furaha akasimama katikati kama refa, tena refa wa upande mmoja.

Bahati alianza kuomba radhi kabla sijauliza. Furaha akamkatiza, akataja karatasi, akataja watoto, akataja jirani aliyetazama dirishani. Niliwaacha mpaka wakaishiwa. Halafu nikauliza ukuta: "Bahati, kuku yako iko wapi?"

Akauliza kuku gani. Ikabidi nimweleze habari ya Asukulu yote, nikiongea na jiko la gesi.

"Mabukwe," akasema, maana Warundi humwita hivyo mama mkwe, "mimi sina kuku."

Furaha akapiga makofi. "Umesikia, Mama? Anavuta bure tu." Akaenda chumbani, nikasikia anafungua kabati. Na mimi nikasema moyoni, basi, sanduku litajaa.

Asubuhi niliamka mapema kuchemsha chai. Furaha anafanya kazi usiku kwenye hospitali, hurudi nyumbani mumewe akiwa ameshaondoka, lakini siku ile alikuwa mapumzikoni, bado amelala. Taa ya gereji ilikuwa inawaka. Nilijua sipaswi kutazama kwenye kile kioo. Nikatazama.

Bahati alikuwa amelala chali juu ya saruji, katika baridi ile, amevaa nguo za kazi. Miguu yake ameiinua kwenye ngazi, na mkononi ana waya wa kutundikia nguo aliounyoosha na kuukunja ncha kama ndoana. Kwa ile ndoana alikuwa anavuta ulimi wa kiatu chake, polepole, anavuta, anapumzika, anavuta, kama Alimasi na samaki wake. Hawezi kuinama. Mtu anayebeba maboksi kutwa, hawezi kufika kwenye kiatu chake.

Nikaenda kumwamsha Furaha, nikamsimamisha pale kwenye kioo, nikageukia sinki.

Alitazama muda mrefu. Chai ikafurika, hakuna aliyezima jiko.

"Tangu lini?" alimuuliza alipofungua mlango. Bahati alijaribu kusimama haraka, akashindwa, akabaki ameketi na kiatu kimoja.

"Tangu majira ya joto. Ukimwambia msimamizi unaumwa mgongo, wiki ijayo jina lako halipo kwenye ratiba. Na ukijua wewe, utanikataza kwenda."

"Na daktari?"

"Daktari ataandika. Wakishaandika, depo watasoma."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Alifanya gereji kuwa hospitali, akawa daktari yeye, mgonjwa yeye. Nilisema bila kugeuka kwamba kuku nimemwona, na ni mgonjwa kweli, lakini jani halijamponya, limemnyamazisha tu ili abebe maboksi zaidi. Asukulu asingempa la pili. Nikasema pia kwamba nchi hii haina Asukulu. Ina jimbo linalosema labda, na depo inayosema mkojo, na serikali kubwa inayosema hapana, na mtu wa karatasi anawasikiliza wote watatu kwa sikio moja. Kwa hiyo aache leo, na aende kwa daktari leo, kazi ipotee kama inapotea. Mgongo hauna ratiba nyingine.

Furaha alichukua kijimfuko cha bangi cha mumewe, akakimwaga chooni, akavuta maji, akarudi. Kisha akampigia msimamizi wa depo yeye mwenyewe, kwa Kiingereza nisichokielewa. Nilielewa sauti tu. Ni ile aliyokuwa nayo alipokuwa mchanga.

Nikakaa nao mpaka Bahati akaanza kupelekwa kwa mtu wa kumnyoosha mgongo. Depo walimpa kazi ya kukagua vibandiko vya maboksi, tena kwa kununa, na masaa wakayapunguza. Wananung'unika sasa wote wawili, lakini wananung'unika chumba kimoja.

Kurudi, nilipita tena Columbus. Kura ilikuwa imeshapigwa na lile jani limekataliwa. Désiré alikuwa haongei na baba yake. Nikamuuliza Zakaria alipigaje.

"Niliisoma yote, Yaya. Shamba imeandikwa, duka imeandikwa, taksi imeandikwa. Kuku sikuiona pahali." Akamtazama mwanawe. "Na Terrence pia sikumuona."

Désiré akasema kwa kura hiyo basi Terrence atabaki gerezani vile vile. Zakaria akatazama nje, kwenye mlango wa Miss Loretta.

Louisville, Jumapili. Pastor Elia alinipokea mlangoni mwa kanisa, akalitazama sanduku ambalo Wilondja alikuwa analishusha kwa kidole kimoja.

"Hukumleta binti yako, Mama Wilondja? Umemuacha kwa mvuta bangi?" Akakohoa, akafungua kikombe chake.

"Pastor," nikamwambia, "kuku yako iko wapi?"

Alidhani ninauliza habari za chakula cha mchana. Akasema mkewe amepika maharagwe.

Nimejifunza nini? Kwamba huku kila mtu anajua nani auze, wapi auze, na nani asiuze. Sikumkuta hata mmoja aliyetaka kwanza kumwona mgonjwa, na hata mimi nilimwona kwa kuvunja mwiko.

Furaha bado ananipigia. Amebadilisha zamu ili asubuhi awe nyumbani, maana mgongo wa mumewe bado haujafika chini. Anapiga magoti kwenye saruji ile ile, anamfunga kamba za viatu, na kwenye simu ninasikia anavyomtukana kwa kila kiatu.

"Vumilia, Mabukwe," Bahati anasema kwa mbali. "Kimebaki kimoja."