Makofi ya Chorol

Chorol hakujaliwa makalio ya kukaa. Tangu utotoni, huko milimani Zanskar, aliuliza maswali mpaka watu wakamkimbia, na siku aliponyoa nywele akaingia utawa wa Kibudha, kijiji kizima kilishusha pumzi. Kumbe ndiko alikokwenda kunolewa. Kwenye ua wa watawa falsafa hujifunzwa kwa miguu: anayetetea hoja huketi chini, anayeuliza husimama mbele yake, hukanyaga ardhi kwa kishindo na kupiga kofi kila anapomtupia swali. Mteteaji akijipinga mwenyewe, hupigiwa kelele, "Aibu!" Chorol, sasa akikaribia miaka arobaini, alikuwa hashikiki.

Wakati wa mavuno, mdogo wake Tundup alimfuata kwa ajili ya mama yao, waliyemwita Ama.

"Dada, Ama amekataa kula. Anasema mikono yake haishiki mundu, kwa hiyo hana haki ya kula shayiri ya watu."

"Tangu lini?"

"Tangu tuanze kuvuna. Njoo na hiyo falsafa yako tuone kama inashibisha."

Njia nzima Chorol alipanga hoja na kuzipangua, roho juu juu. Alimkuta mama yake amejikunyata kando ya jiko, mashavu yamebonyea, bakuli la uji mzito wa shayiri likipoa pembeni.

"Ama, kula."

"Asiyefanya kazi ni mdomo mtupu. Wape wavunaji."

Chorol akazunguka chumba, akarudi, akazunguka tena. Ndipo akasimama mbele ya mama yake, akakanyaga sakafu, akapiga kofi.

"Haya, ngoma imeanza!" Tundup akaangua kicheko.

"Asiyefanya kazi hastahili kula. Unakubali?"

"Nakubali," alisema mama.

"Dechen hakufanya kazi. Basi hakustahili kula?"

Kicheko cha Tundup kikakatika. Dechen alikuwa kifungua mimba wa nyumba ile. Alizaliwa viungo vyote vimelegea, na mama alimlisha kwa kidole chake mpaka alipofariki, bado mdogo. Jina lake halikuwa likitajwa humo ndani.

"Alikuwa mtoto," mama alisema polepole. "Angekua..."

"Ulijua hatakua! Mganga alikwambia." Kofi. "Ulimlisha asiyeweza kazi, leo unasema asiyeweza kazi asile? Aibu!"

Lilimtoka kwa mazoea. Kule uani neno hilo huishia kwenye vicheko na chai ya chumvi. Hapa mama alijifunika uso kwa shali, mabega yakamtetemeka.

"Umemfanya nini?" Tundup alinong'ona.

Chorol alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa mchungu kama shubiri. Akaketi sakafuni, mahali pa mteteaji, akaikunja miguu yake isiyotulia.

"Niulize wewe, Ama."

Mama aliteremsha shali usoni.

"Kama hakuwa na faida, nilimlisha kwa nini?"

Majibu ya vitabuni Chorol alikuwa nayo tele. Akayaweka kando yote.

"Sijui, Ama."

"Makofi yote hayo, na hujui?" Mama akajifuta pua. "Alikuwa na njaa, basi."

Akainua kichwa, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwa mwingine. Kisha akanyoosha mkono kuelekea bakuli. Mkono haukufika. Chorol akalisogeza.

"Na mimi nina njaa," alisema mama.