Barafu ya Bahari kwenye Sharbati ya Posa

Mimi mpaka leo nikiona jagi la sharbati kwenye sebule ya watu nageuza uso, na ndugu zangu wakinitazama tu wanaangua kicheko, basi afadhali aibu yangu niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwao na chumvi zaidi (na chumvi ilikuwepo ya kutosha, mtaona).

Nasoma sayansi ya bahari hapa Maskati, na kesho ya siku niliyoposwa nilitakiwa kuwaeleza wenzangu darasani habari za vidudu vya bahari za ncha za dunia, vidogo huvioni kwa macho, kila kimoja na gamba lake, vinavyoishi na kuzaana kwenye vijifereji vya maji ya chumvi ndani ya barafu. Nikasema ngoja niwaonyeshe hivyo vijifereji. Nikateka maji ya bahari pale Hail, nikatia rangi ya buluu ya keki, nikayamimina kwenye trei ya barafu ya mama na kuitia kwenye friza, wala sikumwambia mtu.

Jioni hiyo ndiyo watu wa Nassor walikuja kutoka Qurum kuniposa, na Nassor nilikuwa nampenda, nimemwombea dua mpaka magoti yananiuma. Mama alinipa amri moja: "Leta kahawa, kaa, nyamaza. Ukiulizwa, ukimya wako ndiyo idhini yako." Wanaume wakakaa majlisi, sisi sebuleni, katikati pazia tu.

Khalti Zuwena, mdogo wake mama, akafungua friza, akaona vipande vya buluu vinang'aa. "Mashallah, mtoto katutengenezea barafu za kisasa!" Akazitia kwenye gilasi zote za sharbati, akawagawia wageni. Bi Salma, mama yake Nassor, akapiga funda moja, jicho likajifumba lenyewe.

"Hii sharbati mmeitia chumvi?"

Khalti akawa mwekundu, nikamwonea huruma, nikafungua mdomo. "Samahani bi, ni maji ya bahari. Lakini usiogope, vidudu vya kwenye barafu havimo humu, humu mna vya hapa Hail tu."

"Vidudu!" Gilasi zote zikarudi mezani. Na mimi nikiogopa ndiyo nazidi kusema, nikawaeleza kwamba vile vya barafuni havina madhara, ni viumbe wa Mungu, tena mama yao ana huruma ya ajabu, hujigawa mwili wake wote ukawa watoto, wao wakatoka, yeye likabaki gamba tupu.

"Na baba?" akauliza Bi Salma.

"Si lazima awepo, bi. Kule kumpata mwenzio ni taabu, basi wengine huzaa peke yao."

Nyuma ya pazia nikamsikia baba anakohoa. Mama alinifinya paja, nalisikia mpaka sasa.

Bi Salma akanigeukia. "Haya mwanangu, mume unamtaka, au na wewe utajigawa peke yako?"

Hapo ndipo pa kunyamaza, nilifundishwa. Lakini baada ya maneno yote yale, ukimya wangu nani angeuelewa? Nikaona Nassor ananiponyoka hivihivi.

"Nnamtaka!" nikapiga ukelele.

Majlisi nzima ikacheka, na ami yake Nassor akajibu kutoka kule, "Tumesikia! Haya, tusomeni Fatiha."

Maji ya bahari kwenye friza ya mtu, wallahi, siweki tena. Na kwa mama mkwe, sharbati ikiletwa, gilasi ya kwanza naonja mimi, wote wananitazama, ndipo wao wanywe.