Shangazi wa Sehemu ya Nne

Miaka ile magazeti binafsi yalikuwa yanachipuka Mwanza kama uyoga, nami nikajitosa. Hadithi ya mfululizo, kila Jumamosi, kwenye gazeti la kurasa nane lililotengenezwa nyuma ya duka la fotokopi.

Mhariri wetu alisomea upadri, akafika kwenye falsafa, akatoka akaoa. Huko alitoka na kanuni mbili, na hadithi zetu zote alizipima kwazo. Ya kwanza: sababu moja ikitosha, usilete ya pili. Ya pili: usimtwishe mtu ubaya kama kutojua kwake kunatosha kueleza alichofanya.

"Dada," akaniambia nilipoleta sehemu ya nne, "huyu shangazi wako ni mchawi, ana wivu, halafu kahongwa. Sababu tatu za kuficha barua moja! Karekebishe, la sivyo Jumamosi naweka tangazo la cherehani."

Nilikasirika, jamani! Huyo shangazi hakuwa wa kubuni. Ndiye aliyenilea pale Kirumba, akiuza dagaa soko la Mwaloni mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nilipokwenda Ukerewe kumuuguza bibi, barua ya kuniita kwenye usaili wa kazi ikaja nyumbani. Nikarudi mchana shangazi yuko sokoni, nikafungua sanduku lake nitafute shuka, nikaikuta barua chini kabisa. Siku ya usaili ilishapita. Nikafungasha nikaondoka kabla hajarudi, nikaapa sitamwamkia tena. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Basi nikakaa kurekebisha, nanung'unika. Uchawi nikafuta. Hongo nikafuta. Wivu nikasema huu siutoi ng'o. Ili uonekane, nikaanza kueleza sanduku kama nilivyolikuta: barua imefungwa kwenye khanga mpya, pamoja na cheti chake cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mwanawe aliyefariki, na picha pekee ya marehemu mumewe.

Kalamu ikasimama. Shangazi hajui kusoma, na nyumbani kwetu barua ya mtu haifunguliwi na mwingine. Aliona bahasha ya kaki yenye mhuri, akaiweka panapokaa vitu vyake vya thamani mpaka mwenyewe nirudi. Kutojua kulitosha. Niliona aibu mpaka nikatamani kulia.

Kesho yake nikaenda Kirumba. Nikamkuta uani anachambua dagaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akasema, kana kwamba nilikuwa nimetoka dukani. Akanawa mikono, akaingia ndani, akarudi na khanga ileile. Ndani yake mlikuwa na magazeti matatu, yale yenye hadithi yangu, yamekunjwa vizuri.

"Wameniambia umeandika humu. Nimekataa wengine wasinisomee, nikasema mwenyewe atakuja. Haya, nisomee."

Mungu wangu! Sehemu zote tatu shangazi wa hadithi alikuwa nyoka mtupu. Nikafungua la kwanza, macho kwenye maandishi, mdomo ukasema mengine kabisa. Nikamaliza la tatu, nikaunganisha na sehemu ya nne kutoka kichwani: barua, sanduku, khanga, msichana anaondoka kwa hasira.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta ungo wake wa dagaa.

"Huyo shangazi namjua," akasema. "Ila yule msichana, mwanangu, angemsubiri tu arudi kutoka sokoni."