Vipande Vinne vya Mbavu

Wiki jana nilikuwa kwenye bucha moja ya nguruwe hapa Malaba, ile inayochoma nyama kwa nyuma, nikingoja sahani yangu. Wateja wote tulikuwa wanaume. Mama mmoja akaingia na kikapu, akanyoosha vidole vinne.

"Nikatie mbavu, vipande vinne. Mbichi."

Muuza nyama akashusha kisu. "Mama, hii watu huila hapa hapa. Ukipika nyumbani haiwezi kuwa tamu kama yetu."

"Wewe niambie tu vile inapikwa."

"Chumvi, ndimu, moto kidogo. Mafuta inatoka yenyewe. Kwani hujawahi kuionja?"

"Mimi na watoto tunaijua kwa harufu ya shati ya baba yao."

Mteja mwenzangu mmoja alijifuta vidole polepole, kimoja kimoja.

Tumezoea kusema nguruwe si chakula cha nyumbani. Sikumbuki kikao kilichoamua hivyo, ila najua nani hakualikwa.

Sahani yangu ilipofika, niliomba nifungiwe. Nyumbani mke wangu alifungua karatasi, akatazama ile nyama, kisha akanishika paji la uso kuona kama nina homa.